Farasi 109 au 107? IST yangu na Land Cruiser ya jirani

SWALI: Fundi, nina Toyota IST ya CC 1,500. Karatasi za Japani zinasema ina nguvu za farasi 109, kwingine nasoma 107. Jirani yangu ana Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 nzima, naye anasema ina farasi 131 tu. Kwa hiyo tunakaribiana? Na nikitaka kupima ya kwangu nifanyeje? Niko Mbeya.

JIBU: Hakuna aliyekudanganya, ndugu. Mjapani huhesabu kwa PS, ambapo farasi mmoja ni wati 735.5. Mwingereza hutumia hp, kipimo alichokianzisha James Watt alipokuwa akiwashawishi wenye farasi wanunue mashine za mvuke. Farasi wa hp ni wati 745.7. Injini yako, 1NZ-FE, ina kilowati 80. Zigawe kwa kila kipimo utapata 109 na 107. Mimi hulinganisha kwa kilowati, ubishi unaisha.

Sasa jirani. Namba mnazobishania ni za kilele, na kila injini ina kilele chake: yako hufika kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, yake 3,800. Wewe mshale wako unafika 6,000 mara ngapi kwa wiki? Chukua nguvu ya kuzungusha (Nm), zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549. Hizo ndizo kilowati za pale pale. Kwenye 2,200 injini ya 1HZ inatoa Nm 285, yaani kilowati 65 na ushei. Yako ina Nm 141, tena kwenye 4,200. Hata tukikuhurumia tukakupa zote kwenye 2,200, unapata 32.5. Nusu yake haifiki.

Barabara tambarare utamwacha, maana IST ni tani moja hivi na lake ni zaidi ya mbili. Ila mkipanda mlima Kitonga mmejaza mizigo, yeye atapanda kwa utulivu. Wewe utashusha gia na kuiacha injini ilie.

Kupima kunahitaji dainamomita, yaani mashine ya kupima nguvu ya injini. Viwandani hupima injini ikiwa peke yake. Gereji hupandisha gari zima kwenye rola, na giaboksi, difu na matairi huwa vimeshakula chao, mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Ukisomewa farasi 92, usikimbilie kununua injini nyingine.

Halafu Mbeya mko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu (ya jirani nayo haina tabo, mnapungukiwa wote). Mashine nyingi husahihisha matokeo yafanane na ya usawa wa bahari, kwa hiyo muulize mpimaji: namba hii imesahihishwa au ni ghafi? Ukirudia kupima baada ya matengenezo, tumia rola ile ile, gia ile ile na upepo ule ule wa matairi.