Wajukuu ni 14, siyo 13

Elibariki mdogo wangu,

Ujumbe wako kwenye grupu la ukoo niliuona. "Kaka, kama mamtoni ni patamu mpaka umeshindwa kuja kumzika baba yako, nivute na mimi basi." Wenzako wakashusha vicheko, baba mdogo akaweka dole gumba. Siku tatu sikujibu kwa sababu kila nikianza naona naandika matusi, na wewe nimekubeba mgongoni ukiwa na surua.

Sikuja kwa sababu sina karatasi.

Huko Marangu lilikuwa linajulikana kwa mama tu, na kwa marehemu. Sasa mnalijua wote, lipelekeni mpaka sokoni. Niliingia Marekani kwa viza ya matembezi, pale uwanja wa ndege wakanigongea miezi 6, ikaisha, nikabaki. Sheria yao iko hivi: ukizidisha siku 180 bila kibali halafu ukatoka, hurudi miaka 3. Ukifikisha mwaka, ni miaka 10. Kutoka hakuna anayekuzuia, asee, utapanda ndege unatabasamu. Kurudi ndiyo shughuli. Mke wangu karatasi zake ni kama zangu, na mtoto ana miaka 6. Tena usiniambie "mtoto si kazaliwa huko, ni raia". Raia ni yeye. Mpaka afikishe 21 ndipo aweze kuniombea mimi. Piga hesabu, wewe ulikuwa mzuri wa hesabu.

Mazishi yalianza saa nane mchana kwenu. Hapa Minneapolis ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa kwanza, baridi hasi 22. Nilikaa kwenye gari nyuma ya mgahawa ninaoosha vyombo, injini inaunguruma nisigande, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Binamu alinishikia ya huko. Nikaona viatu vya mama vimejaa tope. Nikaona migomba. Ukasogea wewe na karatasi kusoma wasifu wa marehemu: amezaliwa 1947, amekuwa mkulima, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 13.

Nikasema 14. Kwa sauti, peke yangu ndani ya gari.

Halafu ikafika zamu ya koleo. Binamu akatumbukiza simu mfukoni, simlaumu, mwanaume huwezi kusimama na simu wenzako wanafukia. Ila mimi nilikuwa humo. Kilichobaki nilikisikia nikiwa mfukoni mwa mtu: udongo, koleo likigonga jiwe, kwaya kwa mbali, mtu anaomba maji. Mtoto wa kwanza wa kiume wa yule mzee alizika kwa sikio. Saa kumi na mbili nikaingia jikoni kusugua masufuria.

Sasa huo wasifu. "Amekuwa mkulima." Basi? Mzee alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, alipima kahawa ya nusu ya kijiji, na hakuna aliyewahi kusema mizani yake imemdhulumu. Ushirika wetu wa KNCU ulianza 1933, kabla yeye hajazaliwa, na yeye aliuongelea kana kwamba ni baba yake mkubwa. Vyama vilipovunjwa 1976 akarudi kihambani na kalamu yake mfukoni. Kalamu hiyo hakuiacha mpaka mwisho, hata akienda kufungulia maji ya mfereji anayo. Vyama viliporudishwa miaka ya 80 walimwita tena, akaenda kesho yake asubuhi.

Na mama je? Mama alipoanza sukari, yeye ndiye aliyejifunza kuchoma sindano. Alijifunzia kwenye chungwa mezani, sisi tunacheka. Friji hatukuwa nayo, dawa ikakaa kwenye mtungi uliolowa, na yeye ndiye wa kuulowesha, asubuhi na jioni. Katika wanaume wa rika lake sikumwona mwingine akimpikia mkewe mtori bila kujificha. Hayo hamkuyasoma. Mkasoma kwamba alipenda amani.

Wajukuu nao mnakumbuka alivyowafanya. Kila mmoja alimpa mstari wake wa mibuni na ukurasa wake kwenye daftari. Ukichuma debe, anaandika, anakulipa. Ukimchanganyia mbichi na zilizoiva anakata, hata uwe unamlilia. Wewe mwenyewe shahidi, kijana wako alinuna wiki nzima.

Kuhusu hela. Nasikia matangani watu walisema jeneza limetoka Nairobi na mimi nina magari matatu. Jeneza limetoka Moshi mjini. Gari ni moja, ndilo hilo nililozikia. Nilituma dola 3,200. Ndani yake kuna hela ya mchezo wa kuchangiana niliyopokea kabla ya zamu yangu, na mkopo wa Mkamba mmoja ninayeosha naye vyombo. Nitalipa mpaka mwezi wa tisa. Sitaki pole. Nataka shangazi aache kusema "katuma hela, kajinunulia msiba".

Sasa wewe. Usije. Baki na pikipiki yako, hapo Himo unajulikana, ukiugua kuna mtu atauliza yuko wapi. Huku kubeba boksi siyo utani wa mitandaoni, mgongo unakwisha kweli. Ila chuo kikikupokea, njoo, tena mapema, usisubiri mwaka wa pili. Lakini muda waliokupa wa kukaa ukikaribia kuisha, siku mbili kabla uwe umeshatua nyumbani, uwanja wa ndege wa KIA, hata kama umeacha demu, kazi na godoro jipya. Mtu akikuambia "kaa tu, mambo yatajipa", mkimbie. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na aliyeniambia alikuwa ananipenda.

Usiniombe nauli, sina. Ada ya kuomba chuo nitalipa, nitumie kiasi tu, usinitumie maelezo marefu.

Na msinitoe kwenye grupu. Nina hasira lakini nasoma kila kitu, hata picha zenu za kitimoto.

Jambo la mwisho. Jana mama alinifungulia lile daftari kwenye simu. Ukurasa wa 14 una jina la Aika wangu, kwa ule mwandiko wa karani, herufi zimelala kulia. Mstari wake ni ule unaopakana na mfereji. Mwaka aliozaliwa, debe 0. Mwaka uliofuata, 0. Sifuri sita, zimepangwa, na chini ya kila moja amepiga mstari kama anavyofunga hesabu. Mtoto hajawahi kukanyaga pale na mzee alimwandika kila msimu.

Kahawa ikiiva mwezi wa saba, mchukue kijana wako, mchumieni Aika debe moja kwenye mstari wake. Zilizoiva tupu. Mwandike.