Shangazi wa Vitabu: Nani Alimuua Ned?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu A Game of Thrones, riwaya ya George R. R. Martin iliyotoka mwaka 1996. Kifo cha Eddard Stark, yaani Ned, bwana wa kaskazini aliyefanywa mshauri mkuu wa Mfalme Robert, kinatajwa humu waziwazi. Kama bado hujafika huko, funua kurasa nyingine, ukirudi utanikuta.

*Shikamoo Shangazi. Nimemshangilia Ned kurasa mia kadhaa, halafu mwandishi anamkata kichwa! Hii si hila tu ya kutushtua? Mpaka leo nina kinyongo. — Mwenye Hasira*

Marahaba, mwanangu. Kinyongo hicho nakijua. Mimi kitabu nilikirusha, kikagonga mlango, ukurasa wa ramani ukachanika. Sikukigusa tena kwa siku mbili. Nilipokuja kukisoma mara ya pili, penseli mkononi, nikaona haya, maana mwandishi hakutuficha kitu.

Hebu tuhesabu. Mfalme Robert yuko kitandani anakata roho. Renly, mdogo wake mfalme, anamjia Ned usiku huohuo, anamwahidi panga mia ndani ya saa moja, wawachukue watoto wa malkia kabla hapajakucha. Ned anakataa, hataki kuwaburuta watoto waliojawa na hofu kutoka vitandani mwao. Littlefinger, mtunza hazina wa mfalme, naye anampa njia yake: patana na malkia, tawala wewe mpaka mwanawe mkubwa, Joffrey, akue. Anakataa pia. Na kabla ya yote hayo alikuwa ameshamwita malkia mwenyewe, Cersei, bustanini, wawili tu, akamwambia: najua watoto wako wamezaliwa na ndugu yako Jaime, Robert akirudi kutoka mawindoni nitamweleza, kwa hiyo chukua wanao ukimbie. Nani anamwambia nyoka kwamba anakwenda kutafuta fimbo?

Sasa jiulize: ulipoisoma sura ile ya bustanini, ulimwona mjinga? Mimi nilimpenda zaidi. Alikuwa anawaonea huruma watoto, nami nikamwonea fahari. Hapo ndipo mwandishi alipotunasa.

Kisha rudi kwenye sura ya kwanza ya Bran, mwana wa Ned. Ned anamkata kichwa askari mtoro kwa mkono wake, kwa Ice, ule upanga mkubwa wa ukoo, halafu anamfundisha mwanawe kwamba anayetoa hukumu ndiye anayepaswa kushika upanga. Kule mbele hukumu inatolewa na Joffrey, lakini anayepiga ni mnyongaji wake, Ser Ilyn Payne, na alichoshika ni Ice ileile. Arya, binti mdogo wa Ned, anautambua upanga wa baba yake katikati ya umati. Nilipigia mstari hapo mpaka penseli ikatoboa karatasi. Hila ya kushtua haitayarishwi tangu sura ya kwanza.

*Shangazi, tunabishana na mdogo wangu. Yeye anasema Sansa, binti mkubwa wa Ned, ndiye aliyemuua baba yake kwa kwenda kumwambia malkia siri. Mimi nasema ni mtoto tu. Tuamue. — Dada Mkubwa*

Mdogo wako ana nusu ya haki. Ni kweli Sansa alikwenda kwa malkia akasema baba yao anataka kuwarudisha nyumbani, na habari hiyo ilimsaidia Cersei kupanga saa ya kupiga. Lakini siri kubwa Cersei alikuwa ameipata tayari, tena kwa Ned mwenyewe. Na askari wa jiji ambao Ned aliwategemea waligeuka kwa sababu Littlefinger, aliyepewa kazi ya kuwanunua, hakuwa upande wake. Msichana wa miaka 11 hawezi kubebeshwa mzigo wote huo.

Ila ninyi nyote wawili angalieni mmekaa kwenye macho ya nani. Ukiacha ile sura ya utangulizi, kitabu kina wasimulizi wanane. Sita ni wa nyumba ya Stark: Ned, Catelyn, Jon, Sansa, Arya na Bran. Waliobaki ni Tyrion na Daenerys. Cersei hana sura hata moja, Varys, mkuu wa majasusi, hana, Littlefinger hana. Yaani mafundi wa fitina wote wamenyimwa mdomo, tunawaona kupitia macho ya watu wanaowindwa nao. Ndiyo maana unashtuka kila mara. Kwa hiyo mnapobishana juu ya Sansa, kumbukeni kwamba tumeruhusiwa kuingia kichwani mwake, tukaona kila kosa lake. Cersei tungemwonaje tukiwa naye ndani? Mimi ningependa kujua.

*Majina ni mengi mno, nimekwama. Nisaidie. — Aliyepotea*

Nyuma ya kitabu kuna orodha ya koo na watu wake. Mimi niliandika majina kumi tu kwenye kadi, nikaitumia kama alama ya ukurasa. Wengine waache wapite. Ila rangi za nywele usiziruke! Ned anaufumbua uchafu wa ikulu kwa kupekua kitabu kinene cha nasaba alichokuwa akikisoma Jon Arryn, mshauri mkuu aliyemtangulia, kabla hajafa: damu ya Robert siku zote huzaa nywele nyeusi, na watoto wa malkia wote watatu wana nywele za dhahabu.

*Nasikia mfululizo haujaisha. Kwa nini nianze? — Msomaji Mwangalifu*

Cha tano kilitoka mwaka 2011, cha sita tunakisubiri. Anza hivyohivyo. Cha kwanza kina mwanzo wake na kilele chake, na ukurasa wa mwisho una majoka matatu machanga ambayo sitakusimulia. Usinitumie tu barua ya kuazima nakala yangu. Ramani yake niliibandika kwa gundi, na upande wa kaskazini haukukaa sawa.