Raga ya Wachezaji 13: Mbona Timu Yetu Imeganda?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu hapa Sinza tunafuatilia kwenye televisheni timu moja ya Uingereza ya raga ya wachezaji 13, na tumechoka kuiona ikivamia katikati tu, kisha ikiupiga mpira mbali kwa mguu. Je, ni uvivu wa kocha?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako naufahamu. Mtindo huo ulikuwa na mantiki yake: timu huruhusiwa kukabwa mara 6 tu kabla ya kuukabidhi mpira, hivyo ilionekana salama kusogea kwa nguvu na kupiga teke mwishoni. Lakini tangu Australia ilipoanza, mwaka 2020, kuipa timu inayoshambulia hesabu mpya ya mara 6 pale wapinzani wanapochelewesha mchezo kwenye eneo la mkabo, kasi imeongezeka, na wachezaji wazito wanaotumwa mbele kila mara huchoka mapema, huku mawinga wakisimama pembeni bila kuugusa mpira. Hilo la mawinga ndilo linaloniuma zaidi. Sidhani kuwa ni uvivu. Naona ni woga wa kupoteza mpira, na mashabiki mna haki kamili ya kudai pasi za haraka kuelekea pembeni.