Kabla ya kusafisha kichwa, kazi imefungwa?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza tunafanya nini kusafisha kichwa baada ya saa nyingi za kazi ya akili. Najua majibu mengi yatakuwa mazoezi, muziki, kuoga, kulala mapema. Sawa kabisa. Ila mi swali limenigusa pabaya manake hayo yote nimeyafanya miaka na miaka na kichwa kikabaki kilekile, mwili upo kwenye kochi akili bado inapiga mahesabu, mtu wa nyumbani anakusemesha unaitikia "ee" na hujui umeitikia nini. Kwa hiyo naomba nijibu swali la jirani yake: tunaiachaje kazi? Kwa maoni yangu shida inaanzia pale unapoinuka kwenye kiti, haianzii nyumbani.

Mi ni mhasibu. Wanaofunga hesabu za mwaka wanajua nachosema. Kuna mwaka urari, yaani lile jedwali la kuhakiki kama pande mbili za hesabu zinalingana, ulikataa kabisa, debiti na krediti (hizo pande mbili) zimepishana 2,700. Kwenye hesabu nzima hiyo ni hela ndogo sana, lakini tofauti ndogo ndo inayotisha, manake yaweza kuwa makosa mawili makubwa yamefichana. Enzi hizo tulikuwa bado tunahamisha kwa mkono, kutoka kwenye leja za karatasi, yale madaftari ya hesabu, kuingiza kwenye kompyuta, kwa hiyo kosa lingeweza kuwa popote. Nikakaa. Nikajumlisha upya kuanzia juu, nikajumlisha kuanzia chini, wenzangu wakaaga mmoja mmoja, giza likaingia, nikafika ile hatua unasoma namba moja mara kadhaa na bado haiingii, unaiona tu kama michoro.

Akapita Mzee mmoja wa ofisini kwetu, alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Hakuuliza nimefikia wapi. Akaniuliza tu, "Mwanangu, hiyo tofauti inagawanyika kwa 2? Nusu yake umeitafuta?" Nikasema nimetafuta 1,350 sijaiona, yaani sio kitu kilichoingizwa upande usio wake. "Kwa 9 je?" Nikagawa, 300 kamili. Akasema, "Basi huenda kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Sasa usitafute. Chukua karatasi uandike: kesho naanza na malipo ya wasambazaji, natafuta namba iliyopinduka. Iache juu ya kibodi, zima mashine, nenda nyumbani."

Nilikasirika jamani. Mtu amekupa ufunguo halafu anakwambia usifungue mlango! Nikambishia, Mzee nipe nusu saa tu. Akanijibu kwamba kwa macho yale niliyonayo nusu saa hiyo nitaingiza kosa jingine, halafu kesho tutatafuta mawili. Akasimama palepale mpaka nimeandika. Na akasoma nilichoandika, akasema haitoshi, "malipo ya wasambazaji" ni mengi, andika mwezi gani na leja ipi. Nikaandika. Basi ndo akaondoka, bila hata kuaga vizuri.

Asubuhi namba ilipatikana haraka, 8,500 ilikuwa imeingizwa 5,800. Lakini hilo silo lililonikaa moyoni, manake ingeweza pia isipatikane. Lililonikaa ni ile jioni. Nilirudi nyumbani kwa miguu, simu ilikuwa imeisha chaji, na nilipofika mwanangu alinisimulia kisa kirefu cha ugomvi wa marafiki zake shuleni na nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza na maswali. Msimu mzima wa kufunga hesabu hilo lilikuwa halijatokea.

Baadaye sana ndo nikakutana na maelezo. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti akionyesha kwamba watu waliokatizwa katikati ya kazi waliikumbuka kuliko ile waliyoimaliza. Waliojaribu kuurudia hawakupata matokeo yaleyale kila mara, lakini aliyewahi kwenda kulala na hesabu isiyolingana anaelewa alichokuwa anasema. Halafu 2011 watafiti Masicampo na Baumeister wakaonyesha kwamba sio lazima uimalize kazi ili ikuache, ukishaweka mpango mahsusi wa lini na vipi utaiendeleza yale mawazo ya kujirudia yanapungua. Na 2018 mtafiti Scullin na wenzake waliwapa watu dakika 5 kabla ya kulala, wengine waandike kazi zinazowasubiri na wengine walizomaliza, na walioandika zinazowasubiri ndo walipata usingizi haraka, tena kadri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo walivyowahi. Yaani Mzee alivyonikatalia "malipo ya wasambazaji" alikuwa sahihi kabisa na sidhani kama alisoma popote.

Kwa hiyo nilianza kuandika hapa nikiwa nimeamua kusema haya mambo ya matembezi na mazoezi ni mapambo tu, dawa ni karatasi. Ila nikijisoma naona sio haki. Ile jioni kulikuwa na vitu viwili, karatasi na mwendo. Na zipo siku nimeandika karatasi vizuri sana, leja na mwezi na kila kitu, halafu nikaingia kwenye simu, video baada ya video, meseji, habari, na nimeamka kesho yake mzito vilevile. Kazi ilishaniacha lakini akili haikupata nafasi, nimeitoa kwenye skrini moja nikaitia kwenye nyingine. Macho ni yaleyale, kuchagua ni kulekule: hii nifungue, ile niache, huyu nimjibu. Kupumzika gani huko?

Basi mkinibana, jibu langu ndo hilohilo la wengi: tembea, bila simu, usiende na mtu wa kuongelea kazi. Ila iwe baada ya karatasi. Ukitembea bila karatasi utaizungusha hesabu kichwani njia nzima, mi nimefanya hivyo sana. Na hapa nazungumzia uchovu wa siku moja. Kama umechoka miezi na miezi, hulali, huna hamu na chochote, usidanganywe na mimi wala na mtu mwingine kwamba utatembea upone, hilo ni la kumuona daktari na la kupunguziwa kazi. Na wale mnaotoka kazini mnapokelewa na mgonjwa au mtoto mchanga, hayo matembezi mtayatoa wapi, kwenu labda ni karatasi peke yake, na pole sana.

Halafu kuna wenye mabosi wanaotuma meseji saa tatu usiku, "kuna kitu kidogo tu hapa". Mwenye bosi wa hivyo hata aandike karatasi ngapi, kazi yake imefunguliwa tena na mtu mwingine. Mhariri, wiki ijayo waulizeni mabosi hao swali lao: hicho kitu kidogo kwa nini kisisubiri asubuhi?