Mkisema damu, semeni ni damu ya nani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama tabia ya mtu anazaliwa nayo ama anafunzwa. Nimejaribu kuliacha hili swali lipite nimeshindwa, kwa sababu huku Kano, Kisumu, haliulizwangi hivyo. Huku linakuja wakati kijana ameleta msichana nyumbani na wazee wanatuma mtu achunguze, hao watu damu yao iko aje, kuna wezi, kuna wachawi, kuna wa kuanguka kifafa, baba yake ni mlevi? Na inayochunguzwa sanasana ni ya msichana. Ya kijana inachukuliwa tu kuwa safi kwa sababu boma ni la kwao.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba hii maneno ya damu iachwe kabisa. Nimeona vile inatumiwa, na haitumiwi kutafuta ukweli, inatumiwa kutafuta wa kulaumiwa.

Ndugu yangu anayenifuata alioa Alego, na bibi yake mpaka leo tunamuita Nyar Alego, yaani binti wa Alego. Mtoto wao wa kwanza alifariki kabla hajatembea, tukaambiwa ni malaria na damu imeisha mwilini, tukazika. Wa pili alikuwa msichana, mnene, anachekea kila mtu, mpaka alipofika miezi sita hivi vidole vya mikono na miguu vikaanza kufura. Sijui kama mmewahi kuona hiyo kitu. Mkono unafura mpaka ngozi inang'aa, blanketi ikigusa tu vidole mtoto analia, na si kile kilio cha njaa wala cha usingizi, na macho yanageuka manjano. Nyar Alego alikuwa anakesha naye jikoni, anapasha leso karibu na jiko, anafunga ile mikono, ikipoa anapasha tena.

Watu wakaanza kusema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Baba mkubwa akaitisha kikao kwake, tukaja wote, mama yangu, shangazi, na mimi nikatoka Kisumu mjini na matatu ya mchana. Baba mkubwa si mtu wa kupandisha sauti. Alisema pole pole, "Mama, sisi hapa hatuna hii mambo ya kuzika watoto ovyo. Hii umetoka nayo kwenu." Nyar Alego alikuwa ameketi kwa mkeka karibu na mlango, mtoto mapajani, akajibu bila kuinua macho, "Baba, tumeenda hospitali tukapimwa. Mtoto ako na sikoseli. Na mimi ni kweli ninayo, nusu." Sikoseli ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Alisema tu hivyo, wazi, hakuficha. Na nyumba nzima ikaitikia kwa vichwa, maanake sasa si amekiri mwenyewe.

Ndugu yangu alikuwa ameketi kwa kiti kando ya baba mkubwa. Alikuwa amepimwa siku ile ile na bibi yake, karatasi yake ilikuwa kwa mfuko wa shati, AS, yaani anabeba jeni moja ya sikoseli, ile S, bila kuumwa, sawa kabisa na ya Nyar Alego. Hatukujua. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, hakusema neno. Kikao kikaamua Nyar Alego arudi kwao akapumzike kidogo. Na wote tunajua kupumzika huko maana yake ni nini. Akaenda na mtoto.

Aliyeleta ukweli ni mama yangu. Alimkosa mjukuu wake sana, siku moja akaamua atampeleka kliniki yeye mwenyewe pamoja na Nyar Alego. Huko nesi hakutaja jina la mtu yeyote, alichukua tu kitabu cha kliniki akachora nyuma yake viboksi vinne. Akamwambia mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe, anapata S moja kwa mama na S moja kwa baba, haiwezekani ikatoka upande mmoja. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ni bahati upya: robo moja mtoto mgonjwa, nusu anabeba tu bila kuumwa, robo hana kitu kabisa. Mama aliangalia vile viboksi muda mrefu halafu akauliza, "Kwa hivyo na mwanangu anayo? Na yeye ameitoa wapi?" Nesi akamwambia ni kwako ama kwa mzee wako.

Njiani akirudi alianza kumwambia Nyar Alego kuhusu dada yetu mkubwa, mimi simjui, alifariki kabla nizaliwe. Alikuwa akilia miguu kila msimu wa mvua. Baba mkubwa yule yule ndiye aliyesaidia kuchimba kaburi, halafu anasema hapa hakuna kuzika watoto.

Nikaanza kusoma hii kitu nikakuta haina uhusiano wowote na ubaya wa familia. Daktari mmoja aliyekulia hapa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hii akipima watu mwaka wa 1949, akaona kando ya ziwa na kule pwani kuna jamii ambazo zaidi ya mtu 1 kwa 5 anabeba S, lakini nyanda za juu ni wachache sana. Mwaka wa 1954 akatoa matokeo: anayebeba S moja anakingwa na malaria kali. Ndiyo maana iko nyingi huku kwetu kwenye mbu na mashamba ya mpunga. Mababu zetu walipona kwa hiyo hiyo damu tunayomfukuzia mtu.

Na hata mtoto wa SS, maisha yake hayaamuliwi na damu peke yake. Baridi, kukosa maji, malaria, homa, ndizo zinaamsha ule uchungu. Anayekunywa maji ya kutosha, anavaa sweta, analala kwa neti, hakosi foliki asidi, ile vitamini ya kusaidia mwili kutengeneza damu, na dawa za kuzuia malaria, huyo anaishi maisha mengine kabisa. Kuna pia dawa inaitwa haidroksiyuria, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, na mwaka wa 2018 ikaonekana uchungu ulipungua, malaria ikapungua, hata vifo.

Sasa nirudi kwa tabia, maana ndiyo mliyouliza. Mama alipoeleza viboksi vyake nyumbani, ndugu yangu akatoa ile karatasi. Baba mkubwa alimtetea akasema, "Hata baba yake alikuwa hivyo, mtu wa kunyamaza, ni damu." Mimi hapo nilikasirika na bado nina hasira nikiandika. S hakuichagua. Kunyamaza bibi yake akifukuzwa, hiyo alichagua mwenyewe.

Ingawa lazima niseme ukweli, baba yetu kweli alikuwa hivyo. Wanaolinganisha mapacha wanasema tabia nyingi zinarithiwa kwa sehemu fulani, tena si kwa jeni moja kama sikoseli, ni jeni nyingi sana kila moja inachangia kidogo. Pengine ndugu yangu alizaliwa na mdomo mzito. Lakini alienda Alego mwenyewe kuomba msamaha, na siku hizi ndiye anampeleka mtoto kliniki na boda, sweta na chupa ya maji hazimtoki. Kwa hivyo kama alizaliwa na tabia ya kunyamaza, hiyo tabia ilisogea.

Nilianza nikisema damu isiulizwe. Binti yangu sasa ana mchumba kutoka Busia, mimi nimepimwa niko AS, na nimejikuta nataka iulizwe, tena mapema, lakini maabara, si kwa kutuma wazee kunusa boma la watu. Wakipatikana wote wanabeba sitawaambia waachane, hiyo wataamua wenyewe wakijua, na wengine wataniona nimekosea hapo. Ila kama wenyewe watakubali ripoti zisomwe mbele ya familia, basi ya kijana isomwe kwanza.