BRELA pekee haitoshi kufungua ofisi ya kuchora ramani

Mleta mada anasema mdogo wake kamaliza ubunifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, kalipia chumba cha ofisi pale Kirumba, Mwanza, na kampuni keshaisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Anauliza kama dogo anaweza kuanza kuchora na kuuza ramani za nyumba kwa jina hilo.

Mkuu, bado. BRELA wamempa kampuni tu. Ruhusa ya kufanya kazi yenyewe inatoka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2010. Bodi inasajili mtu, kisha kampuni, na kampuni haipiti bila mbunifu aliyesajiliwa ndani yake. Digrii peke yake haimpi muhuri wa kugonga kwenye ramani: atafanya kazi kwanza chini ya mbunifu aliyesajiliwa, halafu mitihani ya Bodi.

Hapo ndipo atakapoanza kushawishiwa. Ataambiwa atafute mzee mwenye muhuri, amkatie chochote kwa kila ramani, maisha yaendelee. Hapa Mwanza biashara hiyo ipo, tusidanganyane. Niliwahi kuletewa ramani ya kiwanja cha mlimani kule Bugarika, imegongwa muhuri safi kabisa, na aliyeugonga hajawahi kukanyaga kiwanja. Nyumba imechorwa kama inajengwa uwanja wa mpira. Kufika juu, sebule yote imekalia jiwe, na shimo la majitaka limewekwa upande wa mlimani, juu ya vyoo vyenyewe! Mteja alikuwa ameshanunua nondo. Tulichora upya kuanzia vipimo vya mwinuko, na hela ya kwanza hakurudishiwa.

Ikifika kwenye lawama, Bodi inamshika mwenye muhuri, na inaweza kumfuta kwenye daftari la usajili. Dogo naye anakuwa amefanya kazi ya kitaalamu bila usajili, ambalo ni kosa kisheria. Mzee anayeuza sahihi yake kwa bei ya chakula cha mchana simuonei huruma, ila kijana anaharibikiwa kabla hajaanza.

Asichanganye mambo pia. Hesabu za nguzo na zege ni za mhandisi, yeye yuko ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Mkandarasi yuko CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Na kwa kuwa mko kandoni mwa ziwa, atapata wateja wanaotaka baraza iguse maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni, awaambie mapema kabla hajashika penseli.

Ushauri wangu: chumba cha Kirumba akiachie, kodi haimsubiri mtu amalize mitihani. Atafute kazi kwenye kampuni iliyosajiliwa, na atunze nakala ya kila mradi anaoshiriki pamoja na sahihi ya msimamizi wake. Kabla ya kukubali kazi aangalie orodha ya kampuni kwenye tovuti ya Bodi. Bosi asipokuwemo humo, aage tu kwa heshima.