Kabla hujaongeza dozi, mtazame shingo

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye kliniki za afya ya akili huku Mtwara, najua chuoni mmekariri kemikali za ubongo: dopamini ni raha, serotonini ni furaha, asetilikolini ni kumbukumbu. Mtihani mmefaulu. Mgonjwa wa kwanza atawavuruga.

Wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, kaletwa na mjomba wake kutoka upande wa Newala. Siku mbili kabla alichomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na vurugu za akili, kwa kuwa alikuwa akisikia sauti na kuwafuata watu na panga. Sauti zilitulia. Lakini asubuhi ile shingo ilikuwa imepinda, macho yamekwama juu, ulimi nje, hawezi kusema. Mjomba akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hili sasa ni jini, sindano zenu zimelikasirisha." Mimi na cheti changu kipya nikaona ugonjwa umezidi, nikaanza kuvuta haloperidoli nyingine kwenye bomba. Muuguzi mmoja, mama aliyekaribia kustaafu, akanishika mkono. Akachoma promethazini. Haikufika nusu saa kijana akainua kichwa, akaomba maji.

Nilikuwa karibu kumwongezea sumu ileile iliyompinda.

Dopamini ni moja lakini njia zake ubongoni ni kadhaa. Kwenye njia moja hufanya jambo lionekane lina uzito. Ikizidi huko, hata jirani akikohoa mgonjwa anaona kuna njama. Njia nyingine hutoka kwenye kiini cheusi cha ubongo wa kati kwenda kwenye vituo vya mwendo. Haloperidoli haibagui, inaziba vipokezi vya dopamini huku na huku. Kwenye mwendo, dopamini na asetilikolini huvutana kamba; dopamini ikizibwa ghafla, mwenzake anavuta peke yake na misuli inakaza. Promethazini na benzheksoli humlegeza huyo anayevuta. Wanaopatwa zaidi ni vijana wa kiume, na huwa ni siku chache za mwanzo.

Mtafiti Mswedi Arvid Carlsson aliliona hili kwa sungura mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliwapa reserpini, dawa inayomaliza akiba ya dopamini, wakakaa kama mawe. Alipowapa levodopa wakainuka. Mwaka 2000 akapewa Nobeli, na levodopa hadi leo ndiyo tegemeo la wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. (Upupu ule unaotuwasha shambani, mbegu zake zina levodopa hiyohiyo. Asije mtu akamsagia babu yake. Kipimo chake hakishikiki.)

Shingo angalau inaonekana. Kinachowadanganya wengi ni yule ambaye dawa hiyohiyo imemfanya asitulie: anakaa, anasimama, anatembea uani, anabadilisha mguu. Ukiandika "bado ana fujo" ukaongeza dozi, umemtesa. Muulize, "Kinachokataa kutulia ni miguu au ni mawazo?" Wengi watakujibu bila kusita, miguu. Hapo punguza dozi, au mwite daktari aibadilishe.

Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho yanayopikiwa pombe, nao una somo lake. Pombe huipa nguvu gaba, kemikali ya kutuliza, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujirekebisha kwa kukaza upande wa pili. Sasa mtu kaanguka kutoka juu ya mti, kavunjika mguu, kalazwa wodi ya upasuaji, pombe imekatika ghafla. Siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anaona wadudu ukutani, na degedege linaweza kumkamata. Mtaitwa, "Njooni mchukue kichaa wenu." Msikimbilie haloperidoli, maana huukaribisha mshtuko wa degedege. Huyo anahitaji diazepamu na vitamini B1, na ndugu zake waulizwe, bila kumuaibisha, alikuwa akinywa kiasi gani.

Serotonini sina mengi. Sehemu kubwa hutengenezwa tumboni, ndiyo maana fluoksetini, dawa ya sonona, huanza kwa kichefuchefu, ilhali huzuni hupungua baada ya wiki kadhaa. Usipomwambia mgonjwa hivyo mapema, vidonge vitaishia chini ya godoro. Na msimwambie kwamba serotonini yake imepungua. Hatuna kipimo cha kuonyesha hivyo, wala ushahidi haujanyooka kiasi hicho.

Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akisema jini, kesho mgonjwa yuko kwa mganga na kadi yenu imebaki kabatini. Kwa hiyo siku ya sindano ya kwanza, kabla hujaivunja chupa, mwite mjomba kando umwambie: shingo ikipinda, macho yakikwama au taya likikaza, ni dawa, ina tiba yake, mleteni siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Kisha fungua droo uhakikishe promethazini ipo.